Babu Mmoja, Tahajia Tatu

Dada wa uhakiki aliweka cheti changu cha kidato cha nne kushoto, kitambulisho cha taifa kulia, akapitisha kidole cha shahada juu ya hiki kisha juu ya kile, herufi kwa herufi, kama mtoto wa madrasa aliyeanza juzuu jana. Nyuma yangu mstari ulikuwa mrefu, na asubuhi ya Juni pale Dodoma ina baridi ya kung'ata masikio.

"Huku Mohamed. Huku Muhamedi," akasema. "Dipoli yako iko wapi, kaka?"

Sikuwa na dipoli, ile hati ya kubadili jina. Nilikuwa na suti ya kuazima, kalamu mbili, bahasha ya kaki yenye vyeti halisi, na madesa, zile nakala za masomo za kupokezana, niliyoyapitia njia nzima ndani ya basi. Akanirudishia karatasi zangu kwa upole, akamwita anayefuata. Wala hakunikosea. Tangazo la kuitwa kwenye usaili wa kazi serikalini lilisema wazi kwamba mwenye majina yanayotofautiana kwenye nyaraka aje na hati iliyosajiliwa ya kubadili jina. Mimi nilipoifungua ile pdf niliyaruka masharti yote nikakimbilia kwenye mkeka wa majina. Nikajiona. Nikapiga simu nyumbani. Masharti sikuyarudia tena.

Kutoka Muheza hadi Dodoma ni Segera, Chalinze, Morogoro, Gairo, siku nzima ya basi. Nauli ilitokana na machungwa ambayo baba aliyauza yangali mtini, kwa bei ya mnunuzi. Nililala kwenye geto la mdogo wangu wa kozi huko Ng'hong'hona, na asubuhi nikafika kwenye majengo ya chuo kabla ya saa moja. Kwenye chumba cha mtihani sikuingia kabisa. Nakumbuka nilikaa kwenye ukingo wa maua nje, nikawaangalia wenzangu wakiingia, nikajiuliza ni nani kati yetu aliyeniambia kwamba nimejiandaa.

Maana niliamini nimejiandaa. Nilihitimu Novemba 2023, shahada ya ununuzi na ugavi, wastani wangu si wa kujificha. Miezi saba ile nyumbani nilijibu "najiandaa" kwa kila aliyeniuliza unafanya nini siku hizi, na nilikuwa simdanganyi. Nilisoma. Nilinyoosha shati. Nilitazama video za watu wanaofundisha namna ya kumpa msaili mkono. Sikuwahi kuzipanga karatasi zangu zote sakafuni na kuzisoma kama mgeni.

Sasa jina. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja tu, ila kwenye makaratasi yangu yumo mara tatu. Darasa la saba mwalimu alituambia tuandike majina matatu, nikaandika la babu kama nilivyoliona kwenye fulana ya mchezaji: Mohamed. Hilo likaenda kidato cha nne, likaenda cha sita, likaenda mpaka kwenye shahada. Cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho hadi nilipotaka kuomba mkopo wa elimu ya juu, maana bila cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa maombi hayaendi. Baba akaenda kukishughulikia mwenyewe, akaulizwa jina la baba yake, akalitamka kama tunavyolitamka nyumbani, likaandikwa Muhamedi. Kitambulisho cha taifa kikafuata cheti cha kuzaliwa. Wa tatu ni wangu mwenyewe: mwaka wa kwanza chuoni nilifungua barua pepe, nikaona Mohammed yenye m mbili ina hadhi zaidi. CV yangu ikawa na huyo.

Kuna watu huwa wanacheka nikiwasimulia, hasa wenzetu wa bara wenye majina ya ukoo yasiyo na mjadala. Lakini waulize akina Hassan na Hasani, Said na Saidi na Saeed, Abdalla na Abdallah, Khadija na Hadija. Pwani nzima tunatembea na vokali za ziada mfukoni. Hazina shida yoyote hadi siku unapofika mbele ya meza.

Mfumo wa maombi ya kazi serikalini unaanza na namba ya kitambulisho cha taifa, tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ukishaingiza namba, wewe ni yule wa kwenye kitambulisho. Halafu unapandisha vyeti, na vyeti vinasema wewe ni mwingine. Hapo ndipo dipoli inapohitajika: hati unayoandaliwa na wakili, inayosema mtu huyu na yule ni mmoja na kuanzia leo atatumia jina hili, kisha inasajiliwa serikalini ndipo inakuwa na nguvu. Watu wengi wanaishia kwa wakili wakadhani wamemaliza. Muhuri wa wakili peke yake si usajili.

Yangu ilinichukua wiki kadhaa na safari tatu za Tanga mjini. Wakili, ada, nauli, picha, nakala. Nilikopa kwa shangazi. Nilipokuwa chuoni, bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo) likiingia, pesa ile ile nilikuwa naimaliza kwa wikiendi mbili za chipsi mayai na bando. Mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye bumu anamudu kusajili jina lake. Mhitimu aliyekaa kwa baba yake hamudu, anaomba.

Kwa kuwa nimegusa mkopo: ule mkopo hausubiri ajira kama sisi tunavyosubiri. Unapewa miezi 24 tangu umalize masomo, baada ya hapo unatakiwa uanze kurejesha, na ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mshahara wa laki saba unakatwa 105,000 kabla hujanunua hata dagaa. Sisemi hili kulalamika, nimesoma kwa pesa hiyo. Ila nilipokuwa napiga hesabu za maisha nikiwa Dodoma, nikijenga nyumba kichwani, sikuwahi kuiweka ile 105,000.

Dada mwenye steshenari pale stendi ya Muheza ndiye mtu wa kwanza kuisoma CV yangu mbele yangu. Nilikwenda kuskani vyeti vilivyosetifaiwa upya, nikamwambia dada nitolee na CV nakala tano. Akaitazama kwenye kioo.

"Samahani, naweza kukuuliza kitu?"

"Uliza tu, dada."

"Hapa umeandika unapenda kuogelea, kusafiri na kukutana na watu wapya. Unaomba kazi ya stoo au unaomba mchumba?"

Tulicheka wote wawili, lakini mimi nilicheka kidogo. Yeye amechapa CV za vijana wa wilaya nzima. Akaniambia wote wanatumia muundo ule ule waliopakua, wote ni wachapakazi, wote wanaweza kufanya kazi chini ya shinikizo, wote wanapenda kuogelea, na Muheza mjini hakuna bahari. Akaniuliza swali ambalo chuo kizima hakikuniuliza kwa miaka mitatu: "Wewe ulishafanya nini kwa mikono yako?"

Nikamwambia nilikwenda fildi tu, wiki nane, kwenye bohari moja Dar es Salaam.

Hiyo "tu" ndiyo iliyokuwa ugonjwa wangu. Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, tuliichukulia kama kitu cha kujaza kitabu cha kumbukumbu na kupata saini ya msimamizi ili chuo kitoe alama. Wapo waliopigiwa mihuri bila kukanyaga ofisini. Mimi nilikwenda, tena kwa bahati mbaya nikaangukia kwa mzee mmoja mkali, mtunza bohari wa siku nyingi, ambaye siku ya kwanza alininyang'anya simu na kunipa chaki. Kwa wiki nane nilihesabu vipuri. Nilihesabu beringi, fani belti, filta, nikalinganisha na leja, na palipotofautiana nikarudia. Nilipanga upya rafu mbili ili mzigo uliotangulia kuingia ndio utangulie kutoka. Niliandika hati za kupokea mizigo mpaka nikaota nazo. Nilikuwa namchukia yule mzee.

Hayo yote kwenye CV yangu yalikuwa na mstari mmoja: "Mafunzo kwa vitendo, 2022." Dada wa steshenari alinikalisha kwenye stuli nikayaandika upya: nilihesabu nini, aina ngapi, tofauti nilizozikuta ni zipi, nilizitatuaje. Tukaondoa kuogelea. Tukaondoa m ya pili kwenye jina la babu. Hakunitoza zaidi ya karatasi. Nikamwachia machungwa.

Wadhamini nao. Tangazo linataka watatu wa kuaminika. Nilikuwa nimemwandika mhadhiri wangu bila kumwomba, kwa namba niliyoitoa kwenye mpango wa somo wa mwaka wa kwanza. Siku moja nikaijaribu ile namba, ikaniambia haipatikani kwa sasa. Nikamtafuta kwa barua pepe, nikajieleza, akajibu baada ya siku nne kwamba ananikumbuka kwa sura ila nimkumbushe nilifanya utafiti gani. Hebu fikiria angepigiwa na mwajiri. Wa pili nilimwandika diwani, kwa sababu kila mtu humwandika diwani. Wa tatu, yule mzee wa bohari, sikuthubutu kumwandika. Nilidhani hanipendi.

Januari 2025 nikaitwa tena Dodoma. Safari hii masharti niliyasoma kabla ya mkeka. Kitambulisho, vyeti halisi, dipoli, kujigharamia nauli, chakula na malazi: kila kitu nilikiwekea alama kwa kalamu nyekundu. Dada wa mezani, si yule wa mwanzo, akazitazama karatasi kwa sekunde chache akanipitisha. Nikaingia kwenye usaili wa mchujo, nikafunua karatasi ya maswali, na humo nikakutana na aibu yangu ya pili.

Madesa yangu yote yalikuwa ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011. Niliijua kwa vifungu. Ila Bunge lilishatunga sheria nyingine mwaka 2023, na mwaka 2024 ikaanza kutumika pamoja na kanuni zake mpya. Mfumo wa ununuzi wa umma mtandaoni, TANePS, ambao tulifundishwa kwa picha za projekta, ulishawekwa kando na nafasi yake kuchukuliwa na NeST. Nilikuwa nimesikia hayo yote redioni, kwa sikio moja, kama mtu anavyosikia bei ya mafuta wakati hana gari. Maswali yalikuwa ya dunia ya leo, majibu yangu yalikuwa ya dunia ya madesa. Sheria ipo mtandaoni bure. Nilikuwa na miezi mingi ya kukaa barazani, na nilishasoma kila kitu isipokuwa hiyo.

Nadhani hapa kuna ugonjwa wetu sote tuliosoma kwa kupokezana nakala. Desa linarithishwa: kaka wa mwaka wa tatu anampa wa pili, wa pili anampa wa kwanza, na kila mkono unaamini uliotangulia ulihakiki. Kwenye mtihani wa chuo linafanya kazi, kwa sababu mtunga mtihani naye analijua. Mtaani halimjui mtu.

Nilifeli mchujo ule. Sikumwambia baba kwamba nimefeli, nilimwambia "ushindani mkubwa", maneno ambayo yana faida ya kuwa kweli pia.

Jambo jingine la fani yangu nililijua nikiwa nimeshachelewa: matangazo mengi ya afisa ugavi yanataka uwe umesajiliwa na bodi ya kitaaluma, PSPTB. Ni hivyo hivyo kwa wengine. Mhandisi ana bodi yake, ERB, mwanasheria anayetaka uwakili ana Shule ya Sheria mbele yake, daktari ana mwaka wa utarajali, muuguzi ana leseni. Wa afya huwa wanajua mapema kwa sababu wanaambiwa kila siku. Sisi wa biashara tunagundua kwenye tangazo lenyewe, zikiwa zimebaki siku tano lifungwe.

Kati ya usaili wa kwanza na wa pili nilijitolea. Naomba niseme ninavyoona, anayetaka kununa anune. Ofisi moja, sitaitaja, ilinipokea "kujitolea ili upate uzoefu". Miezi mitano. Nauli yangu, chakula changu, wakati mwingine na karatasi za printa zangu. Kazi niliyofanya ilikuwa ya mtu mwenye mshahara, na mtu huyo hakuwepo kwa sababu mimi nilikuwepo. Kwa kijana anayeishi kwao Mikocheni huo unaweza kuwa uzoefu. Kwangu mimi, mkulima wa machungwa wa Muheza alikuwa anailipia ofisi ile mfanyakazi. Nilijifunza, sikatai. Ila ningeanza upya ningeuliza mambo mawili siku ya kwanza: nitakaa muda gani, na nikiondoka nitapewa barua? Niliondoka bila barua.

Matapeli nitawapitia haraka maana habari zao hazina hekima. Jirani yetu alitumiwa ujumbe kwamba jina lake limepita, atume elfu hamsini ya fomu na sare. Akatuma. Anayekuajiri hakutozi, basi.

Kazi niliyonayo sasa haikutoka kwenye mkeka. (Sijui nani alianza kuiita orodha ya majina mkeka, lakini neno hilo hilo ndilo vijana wanaloitia karatasi ya kubashiri mpira, na kuna siku nilikuwa naona mantiki yake.) Ilitoka kwa yule mzee wa chaki. Nilipokuwa naandika upya CV, dada wa steshenari alinilazimisha nimpigie. Nikapiga huku nimesimama.

"Shikamoo mzee. Mimi yule mwanafunzi wa fildi, wa filta."

"Marahaba. Wa Muheza? Uliyepanga rafu ya kaskazini?"

Alikumbuka rafu. Akakubali kuwa mdhamini, akaniuliza kama nimeshajisajili bodi, akanisema kwa dakika tatu, akakata simu. Aprili akanipigia yeye: kampuni ya jirani yao inatafuta mtu wa bohari, niende kesho yake, nisivae suti.

Hiyo "nisivae suti" niliidharau moyoni, lakini nikaitii. Usaili ulifanyika bohari, tumesimama. Meneja alinipa leja na kunionyesha katoni za mafuta ya injini. Leja inasema chupa 312. Nikahesabu mara mbili: 288. Akaniuliza, zimekwenda wapi? Nilikuwa nataka kusema wizi, jibu la haraka. Kisha nikakumbuka mzee alivyokuwa akitugombeza: kabla hujamwita mtu mwizi, gawanya. Upungufu ni 24. Katoni moja ina chupa 12. Mdokozi hadokoi katoni mbili kamili, anadokoa chupa. Basi tatizo liko kwenye karatasi. Nikaomba hati za kutoa mzigo za wiki ile, na kwenye ya Alhamisi nikakuta katoni mbili zilizotoka bila kushushwa kwenye leja. Ilinichukua kama robo saa. Meneja hakusema vizuri wala vibaya. Aliniuliza kama naweza kuanza Jumatatu, na kama majina yangu yote yanafanana, kwa ajili ya mkataba na mfuko wa hifadhi ya jamii.

Nilimpa dipoli kabla hajamaliza sentensi.

Maombi ya serikalini sijaacha. Mwezi uliopita nimepandisha mengine, sheria mpya nimeisoma mara mbili, na bodi nimeshasajiliwa. Nikiitwa nitaomba ruhusa kazini. Nisipoitwa, Jumatatu kuna mzigo wa kupokea.

Mdogo wangu wa kike yuko mwaka wa pili huko Morogoro, anasoma kilimo. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nyumbani, nikamwambia anitumie kwa WhatsApp picha za karatasi zake zote, kuanzia cheti cha darasa la saba. Akanitumia huku akilalamika kwamba ana jaribio kesho. Nikamwonyesha baba kwenye simu. Mohamed, Mohamed, Muhamedi. Yaleyale. Na cha kuzaliwa ni baba yuleyule aliyekwenda kukishughulikia.

"Sasa nyinyi mnanilaumu mimi," baba akasema. "Iliyo sahihi ni ipi?"

Nikamwambia sahihi ni aliyoandika mwenyewe mwenye jina. Babu alikuwa anaandikaje?

Baba akaingia ndani, akakaa huko kitambo, nikasikia sanduku linaburutwa. Akatoka na karatasi ya njano iliyokunjwa mara nne, hati ya kuuziana minazi, yenye majina ya mashahidi wawili na saini ya babu chini. Tukaipeleka mwangani, mimi nikiwa nimeshika simu tayari kumpigia mdogo wangu picha ya jibu.

Babu alikuwa ametia saini kwa herufi za Kiarabu. Mimu, he, mimu, dali. Vokali hata moja hakuweka.